Mwalimu Aliyefuta Jina Langu

Ukimwamkia shikamoo, Mwalimu alijibu, "Marahaba, magoti?" na usipoyakunja papo hapo, hata kama uko sokoni na ndoo kichwani, alikuona huna adabu wala huna tenisi. Kwa miaka karibu mitatu nilimwamkia mara mbili kwa siku, asubuhi njiani kwenda shule na jioni uwanjani, na mpaka leo mtu mzima akiniitikia salamu magoti yangu yanataka kujikunja yenyewe. Nalisema hili mapema ili ijulikane kwamba mtu huyu alinipa vitu ambavyo siwezi kuvivua. Ningeweza, ningemrudishia vyote.

Mchana alifundisha jiografia katika shule ya msingi pale Newala mjini, na jioni alifundisha tenisi kwa yeyote aliyekuja. Alikuwa mrefu, mkondefu, mwenye suruali ya kaki iliyopauka magotini na chaki mfukoni hata siku za likizo. Mimi kwetu ni Masasi, Mkomaindo, ambako baba yangu alikuwa na kibanda cha kutengeneza mashine za kupulizia salfa kwenye mikorosho. Mama alifariki nikiwa darasa la tatu. Tukabaki wawili ndani ya nyumba, baba na mimi, mpaka nilipofaulu kwenda sekondari Newala, naye akanipeleka kukaa kwa shangazi. Nyumba ya shangazi iko nyuma ya ule uwanja, kwa hiyo jioni yangu ya kwanza Newala nilisikia mpira ukigonga kabla sijasikia adhana.

Uwanja uliachwa na watumishi wa serikali wa zamani, na Mwalimu aliukuta mbuzi wanalala katikati. Aliuparura mwenyewe. Akabeba udongo wa kichuguu kwa baiskeli, mfuko baada ya mfuko, akautwanga, akaulowesha, akaushindilia kwa pipa lililojazwa zege mpaka ukang'aa. Wavu aliushona kwa kamba za magunia ya korosho. Shida ya udongo wa kichuguu ni kwamba usipopata maji kila jioni unapasuka, na Newala maji ni ya kuhesabu vikombe. Ndipo akaweka ada yake ya pekee: hakuna kuingia uwanjani bila dumu la lita tano la maji yaliyokwisha kutumika. Ya kuoshea vyombo, ya kufulia, ya kunawia, yote alipokea, mradi yasiwe na mafuta. Tulikuwa tunapanga foleni na madumu yetu machafu, yeye ananusa moja moja.

Wanawake wa mtaani walimsema sana. Shangazi yangu, ambaye maji ya kuoshea mchele aliyatumia kuoshea sufuria na ya sufuria akayafanya ya kudekia, aliona yule mtu anamwibia mchana kweupe. Siku moja alimsimamisha njiani akamuuliza pale uwanjani amepanda nini. Mwalimu akamjibu kwamba amepanda watoto. Shangazi akamwambia wakiota aitwe, aje avune maji yake. Mwalimu alicheka mpaka akaegemea baiskeli, na kesho yake shangazi akanijazia dumu mwenyewe bila kuambiwa.

Sifa zake zilikuwa za kubana. Ukipiga mpira ambao hata wewe mwenyewe umeushangaa, alisema, "Haya, mwingine." Jioni niliyomshinda Somoe kwa mara ya kwanza, msichana wa kidato cha pili aliyekuwa ametutesa wote mwaka mzima, nilitegemea angalau anipigie makofi. Alisema haya, mwingine. Halafu wakati wa kuondoka akanipa raketi yake, ile yenye mpini uliozungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli, akasema nilale nayo, mkono uizoee. Haikurudi kwake kwa karibu miaka miwili. Nilikuwa naipangusa kwa kanga ya marehemu mama, na shangazi alisema nimeolewa na ubao.

Lakini kilichomfanya awe Mwalimu kwetu ni namna ya kuita mipira. Udongo ule ukiloweshwa vizuri, kila mpira unaacha alama, kijiduara chepesi kama cha kidole kwenye unga. Sheria yake ilikuwa kwamba mpira ulioangukia upande wako unauita wewe, na ukiwa na shaka ni wa mwenzako. Niliwahi kusema "nje" kwa mpira wa Somoe uliogusa mstari. Nilijua umegusa. Mwalimu hakunikaripia. Alikaa chini, akawaambia na wengine wakae, tukakaa wote kimya tukitazamana mpaka nilipoinuka mwenyewe, nikaenda kwenye alama, nikasema kwa sauti kwamba ulikuwa ndani. Akasimama, akapangusa suruali, mchezo ukaendelea. Tangu siku ile sijawahi kuuita vibaya mpira wa mtu, wala sijaweza kudanganya kitu kidogo bila kuona watu wamekaa chini wananingoja.

Na hakuwa mwoga, msije mkadhani hivyo. Kuna mkubwa mmoja wa wilaya aliyekuja kucheza jioni fulani akiwa na viatu vyeupe na dereva wa kumshikia taulo. Alipiga mpira ukatoka nje kiganja kizima, akasema ni ndani. Mwalimu akaenda, akauchorea alama duara kwa mpini wa raketi, akamwita mkubwa aje aone. Watu tulimeza mate. Mkubwa aliangalia, akasema kweli, akamaliza mchezo, na hakurudi tena. Ahadi ya wavu mpya na mipira aliyokuwa ametoa iliondoka naye. Mwalimu hakuonyesha kujuta hata kidogo, na sisi tuliitembeza hadithi ile Newala nzima.

Mtu huyohuyo alikuwa hana ubavu mbele ya mzazi. Hili lilikuwa jambo la ajabu kwake na tulilitania. Mama wa kijana mmoja aliingia katikati ya mchezo na ndoo mbili tupu, akasema bomba la chini limefunguliwa na foleni ni ndefu. Kijana alikuwa anaongoza, imebaki pointi mbili. Mwalimu alishuka kwenye kiti, akamchukulia raketi mkononi, akamwambia mfuate mama yako. Tulipomuuliza kwa nini hakuomba hata dakika tano, alisema mtoto ni wa mwenyewe, yeye ameazimwa jioni tu. Nilikuwa mmoja wa waliocheka.

Sasa nije kwenye Jumamosi aliyofuta jina langu. Ilikuwa mwezi wa sita, nikiwa kidato cha tatu, na mashindano yaliletwa kwetu kwa mara ya kwanza. Kila mji ulitoa msichana mmoja na mvulana mmoja: Masasi, Tandahimba, Mtwara, na sisi wenyeji. Kulikuwa na mama mmoja kutoka Dar, mtu wa michezo, aliyekuja kutazama. Msichana ambaye angemridhisha angekwenda naye kambini Dar, na baada ya kambi kulikuwa na shule huko iliyopokea wachezaji. Nilikitaka kitu kile kiasi cha kukosa usingizi. Wa Newala nilikuwa mimi, halikuwa na ubishi. Mwalimu mwenyewe aliandika barua kwa wazazi, na namba yake ya simu chini, kuwaalika waje kutuangalia. Ya kwangu niliipeleka Masasi kwa mkono wangu. Baba aliisoma mara mbili, akaniuliza kama huko Dar ningekaa muda gani. Nikamwambia nikipata ile shule, mpaka nimalize. Akaikunja, akaitia mfukoni, akasema atakuja.

Yeyote anayejua Masasi anajua mwezi wa sita fundi wa mashine za salfa hana Jumamosi. Wakulima wanapanga mashine zao nje ya kibanda tangu alfajiri na kila mmoja mikorosho yake ndiyo inayokufa. Baba kufunga kibanda msimu ule, akapanda pikipiki mpaka Newala kwa ajili yangu, lilikuwa jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Alifika ukungu ukiwa bado haujainuka, kavaa koti lake la Idi. Tuliongozana, mimi na dumu langu la maji, yeye kashika raketi kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa jirani.

Majina yaliandikwa kwenye ubao ulioegemezwa uzioni. Ijumaa jioni niliacha limeandikwa Salima. Asubuhi ile liliandikwa Somoe. Alikuwa amefuta kwa kiganja, wingu la chaki lilikuwa bado pale, na hata ile herufi ya kwanza hakuifuta, aliitumia.

Nilimfuata kwenye wavu alikokuwa anapima urefu. Nikamwamkia. Akaitika marahaba, basi. Nikamuuliza mbona jina langu halipo.

"Leo anacheza Somoe," alisema.

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Orodha nimeshaandika."

Alikuwa anaongea na wavu. Nilisimama pale nikingoja aniambie nimekosa nini, kwa sababu nilikuwa tayari kuomba radhi kwa chochote, hata kwa kitu ambacho sikukifanya. Aliendelea kupima wavu. Somoe alikuja na viatu vya kuazima, akanipita ameinamisha kichwa. Naye alikuwa ameambiwa asubuhi ile.

Nilirudi kwa baba nikamwambia twende nyumbani kwa shangazi. Nikamwonyesha ubao. Baba hakwenda kumkabili Mwalimu kama nilivyotaka. Alinishika bega, akaniambia, "Mama, tukae tuangalie. Nimetoka mbali." Tukakaa kwenye ukuta mfupi upande wa bondeni, na upepo wa Ruvuma ukitupiga mgongoni, tukaangalia tenisi kutwa nzima.

Baba hakuwahi kuuona mchezo ule. Aliuliza kwa nini wanaanza kuhesabu na kumi na tano, moja wameipeleka wapi. Nikamweleza nikiwa nimenuna. Akauliza kwa nini baada ya thelathini isije arobaini na tano, hiyo arobaini imepunguzwa na nani. Nikajikuta nacheka, na nikachukia kwamba nimecheka. Alinunua mihogo ya kukaanga na chai, akanigawia kipande kikubwa. Kufika saa sita alikuwa anajua mpira wa ndani na wa nje, anageuza shingo na watu wote, na Somoe alipompiga msichana wa Mtwara mpira wa pembeni baba alipiga makofi. Nilimtazama. Akashusha mikono, akasema, "Amepiga vizuri, mama, tuseme ukweli."

Mwalimu alikaa siku nzima juu ya ngazi ya fundi rangi aliyoifanya kiti cha mwamuzi. Nilimvizia akosee hata mara moja nipate pa kumshika. Hakukosea. Alishuka kila palipokuwa na shaka, akachora duara, akawaita wachezaji wote wawili waone. Haki ile ilikuwa chungu kuliko kama angekuwa mwizi moja kwa moja, maana niliona kwamba anaijua vizuri, ila mimi ameninyima. Somoe alishindwa fainali kwa pointi chache, na yule mama wa Dar akamchukua hivyohivyo. Leo anafundisha watoto tenisi Dar es Salaam. Huwa naona picha zake kwenye simu, na sizifungui zote.

Jioni baba aliwasha pikipiki, kisha akaizima tena. Akaniambia amefurahi kukaa na mimi siku nzima. Nilikumbuka kwamba tangu mama afariki sikuwahi kumwona baba amekaa siku nzima bila spana mkononi. Nikalia sasa, mbele yake, naye akangoja mpaka nikamaliza. Ile siku niliikata vipande viwili. Kipande cha Mwalimu nilikichukia, kipande cha baba nikakitunza, na miaka yote iliyofuata, kila nilipovunjika moyo, nilijiambia kwamba baba yangu aliwahi kufunga kibanda msimu wa salfa akaja kukaa na mimi ukutani.

Sikurudi uwanjani. Raketi nilimrudishia kupitia kwa shangazi, na maji yetu machafu yakaenda kwenye mchicha. Tulipokutana njiani nilimwamkia kwa sababu nimelelewa, na yeye aliitika marahaba pasipo kuniuliza magoti. Nilikuwa namchukia mno, lakini lile neno lilipokosekana nilihisi nimefukuzwa upya kila mara. Baba kila aliponipigia simu alimaliza kwa kuuliza, "Umemsalimia Mwalimu?" Nilimwona ana roho kubwa, kusamehe mtu aliyemfedhehesha binti yake.

Nilimaliza kidato cha nne, nikasomea maabara, nikapata kazi hospitali huko huko Masasi. Nilirudi kukaa na baba. Nilimpikia, nilimpimia sukari kwa mkono wangu, na miaka miwili iliyopita nilikuwa nimemshika alipokata roho. Watu walisema ni bahati kuwa na binti wa hivyo. Mwalimu alikuja msibani, akasalia nyuma kabisa ya watu, nikampa mkono kama nilivyowapa wengine.

Mwaka huu, mikorosho ikiwa inaanza kutoa maua, shangazi alinipigia kwamba Mwalimu ananiulizia. Macho yameingia ukungu, anasubiri madaktari wa macho wanaopita, na kila anapopitishwa nje ya nyumba ya shangazi anauliza Salima atakuja lini. Nilikataa mara mbili. Mara ya tatu nikaenda, nikijiambia nimekwisha kuwa mtu mzima na lile jambo ni la utotoni. Njiani nilipita uwanjani. Umepasuka wote, na gari za ofisi fulani zinaegeshwa pale. Sikuona huzuni niliyoitegemea.

Mkewe alinifungulia, akanitengea chai, akatuacha. Mwalimu alikuwa amekaa kibarazani upande wa jua, amevaa ile ile suruali ya kaki au ndugu yake. Nilipomwamkia alinijua kwa sauti. Aliniuliza kazi, akanipa pole tena ya baba. Nilidhani sasa ataniomba radhi, na nilikuwa nimejiandaa kumpa, kwa kweli nilikuwa nimeshampa moyoni nikiwa njiani.

"Baba yako alinipigia simu Ijumaa ile jioni," alisema.

Sikuelewa ni Ijumaa gani. Akaendelea taratibu, kama mtu anayesoma barua aliyoisoma mara nyingi.

"Alisema, Mwalimu, huyu akicheza atashinda, na akishinda ataondoka, na akiondoka mimi nabaki na nani. Akaniomba nikuondoe. Akaniomba na usijue kama ni yeye. Nikamwambia basi asije kesho, itakuwa tabu. Akasema atakuja, hataki ukae pale peke yako."

Nilikuwa nimeshika kikombe. Nilikiweka chini. Niliona ukuta, mihogo, koti la Idi. Baba aliuliza moja wameipeleka wapi huku anajua kwa nini sichezi. Alinishika bega huku anajua. Alipiga makofi, akalala usingizi wake Masasi, na kwa miaka yote iliyobaki alikula chakula changu akiniuliza kama nimemsalimia mtu aliyembebea siri yake. Nilitaka kumwambia Mwalimu ni mwongo. Lakini huyu nilikuwa nimemwona akipoteza wavu mpya kwa sababu ya mpira uliotoka kiganja kimoja, na nilijua hadanganyi.

"Ungeweza kumwambia hapana," nilisema.

"Mtoto ni wa mwenyewe, Salima."

"Mtoto nilikuwa mimi, Mwalimu. Nilikuja pale kwenye wavu nikakuuliza."

Alitikisa kichwa kukubali. Nikamuuliza kwa nini ananiambia leo. Akasema amezeeka, na tangu baba azikwe amebaki nalo peke yake, halimwachii usingizi. Alitaka lipungue kabla hajaondoka. Alisema hivyo waziwazi bila kujitetea, na hapo ndipo hasira ilinipanda mpaka masikioni, hasira ambayo hata ile Jumamosi sikuwa nayo.

"Ungeniambia siku ile, ningegombana naye," nilisema. "Tungenuniana mwezi mzima. Ningemwambia maneno mabaya, naye angenijibu, halafu tungepatana, maana alikuwa baba yangu na mimi nilikuwa wake. Ungeniambia hata mwaka wa mwisho wa uhai wake. Leo unaniambia, leo nigombane na nani?"

Kwa ndani mkewe aliacha kuosha vyombo. Nilikaa nikitegemea kwamba yule mtu aliyekuwa na jibu kwa kila mpira atakuwa na la kuniambia, na nikaona hana, na kwamba alikuwa hajaliwaza hili hata siku moja. Alikuwa amewaza usingizi wake.

Nikasimama. Akasikia kiti, akasema, "Nisamehe, mwanangu," akanyoosha mkono, lakini aliunyoosha upande ambao sikuwapo. Mkono ulikaa pale hewani ukitafuta. Niliutazama kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Kisha nikazunguka nikaushika, kwa sababu sikulelewa kuuacha mkono wa mzee hewani, naye akanibana vidole akangoja. Nilijua anangoja neno gani. Nikamshukuru mkewe kwa chai, nikautoa mkono wangu, nikaondoka sijalisema.